Lebo Kumi na Moja za Bi Sekunde

Saa mbili na robo asubuhi. Saa zote kumi na nne zilizotundikwa ukutani zinakubaliana, na mwenye nazo hataki kusikia kwamba ipo hata moja iliyochelewa. Fundi saa huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Sekunde, amekaa nyuma ya meza yenye ukingo ulioinuliwa ili skrubu zisidondoke. Mkononi ameshika kitambulisho cha mwandishi wa gazeti.

Anakisoma kwa miwani. Anakigeuza nyuma. Kisha anavua miwani, anabandika lenzi ya kazi kwenye jicho la kulia na kukisoma upya, herufi kwa herufi.

"Picha ni yako hii?"

Anajibiwa kwamba ndiyo.

"Mh! Nywele zilikuwa nyingi." Anakirudisha shingo upande. "Haya, kaa. Lakini usikalie kile kiti cha dirishani. Kile kina mwenyewe."

Kiti chenyewe ni stuli ya mbao yenye mto mdogo uliochakaa, imewekwa mbele ya kidirisha ambacho wateja hupitishia saa zao. Haijakaliwa kwa miezi mitano. Mwenyewe ni mdogo wake Bi Sekunde, mtoto wa mwisho kwao, anayeitwa Kitinda tangu akiwa mchanga. Na ni kwa sababu ya stuli hiyo ndiyo maana mwanamke huyu, asiyemwamini hata muuza betri wake wa miaka ishirini, alipiga simu gazetini mwenyewe akaomba mtu aje.

"Mlipokubali haraka nikaanza kuwashuku," anasema. "Watu wa magazeti hawakubali haraka hivyo."

Bi Sekunde ana umri wa miaka arobaini na tisa, na ishirini na saba kati ya hiyo ameimaliza kwenye meza hii. Alirithi kazi kwa baba yake, pamoja na lenzi, vibanio, bisibisi nyembamba na ukali. Zamani, anasema, walipokea saa sitini kwa wiki. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, na wiki ikiwa nzuri zinafika kumi na tano.

"Kwa hiyo mteja mmoja akiondoka na kinyongo, mimi nalijua pengo lake," anasema.

Utaratibu wa kazi ni uleule aliouacha baba. Saa ikiingia inafungwa lebo, kikaratasi kidogo chenye namba, kwa uzi mweupe. Namba hiyohiyo inaandikwa kwenye risiti ya mteja na kwenye daftari kubwa la mapokezi. Kitinda alikuwa akikaa dirishani, anaandika. Bi Sekunde alikuwa mezani, anatengeneza, na mteja akirudi yeye ndiye aliyesoma risiti na kutoa saa kwenye droo. Miaka kumi na sita walikaa hivyo, mgongo kwa mgongo, wakitaniana na kugombania redio.

Mambo yalianza kuharibika mwaka jana. Mwalimu mstaafu alipewa saa isiyo yake. Wiki iliyofuata kinyozi wa jirani akapewa saa ya kike, akaivaa kwa dhihaka siku nzima na kuwaonyesha wateja wake. Bi Sekunde hakucheka.

"Nilianza na kalamu," anakumbuka. "Nikasema wino umekuwa mwepesi, wenye viwanda wanatuibia. Nikabadilisha kalamu. Halafu nikasema ni taa. Nikamwendea muuza taa nikamwambia, ndugu yangu, hizi balbu zako zina mwanga wa kuazima. Tukarushiana maneno, mpaka leo hatusalimiani. Halafu nikasema karatasi."

Na macho je? Hapo Bi Sekunde anaangua kicheko kikavu.

"Macho yangu? Mwandishi, nilikuwa nikiweka lenzi naona meno ya gurudumu dogo kuliko chembe ya chumvi. Nayahesabu! Mtu anayehesabu meno ya gurudumu atashindwaje kusoma namba mbili kwenye karatasi? Kalamu haikuwa. Taa haikuwa. Nani mwingine alikuwa anazishika zile lebo?"

Ndipo shaka ilipomgeukia Kitinda.

Shaka ikishapata mahali pa kukaa, kila kitu kinakuwa ushahidi. Kitinda akipokea simu akatoka nje, Bi Sekunde anajiuliza anaongea na nani. Kitinda akisema, "Dada, pumzika, leo umechoka," anasikia, dada, umezeeka. Na siku Kitinda aliposema, kwa nia njema tu, "Dada, ungeenda kupima macho," Bi Sekunde alimgeukia kwa ukali.

"Nilimwambia, unanitakia upofu? Unataka meza ya baba?" Anatikisa kichwa. "Mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe. Akanyamaza. Na kule kunyamaza nikakuhesabu pia, nikasema, ahaa, kanyamaza, anayo sababu."

Basi akaamua kumtega. Kila jioni, Kitinda akishaaga, Bi Sekunde alitoa kijitabu alichokificha chini ya kitambaa cha meza, akapita kwenye droo lebo moja baada ya nyingine, akanakili: namba fulani, saa ya aina fulani. Asubuhi, kabla mdogo wake hajafika, alilinganisha kijitabu hicho na daftari kubwa la mapokezi, ambalo Kitinda aliliandika kwa mwandiko mkubwa wa kitoto.

Havikulingana. Saa ya mkanda wa ngozi, kijitabu kilisema thelathini na tatu, daftari likasema thelathini na nane. Nyingine kijitabu kilisema kumi na sita, daftari likasema kumi. Ndani ya wiki sita alikusanya tofauti kumi na moja.

"Nilikuwa na furaha," anasema, na uso unamshuka. "Sikufichi. Niliona nimemshika."

Hakumwita pembeni. Aliyasema dirishani, mbele ya wateja watatu, akiwa amekishika kijitabu juu. Kila mteja aliyekuja baada ya hapo kulalamika aliambiwa jina la mkosaji. Kinyozi aliambiwa. Shangazi yao, ambaye ndiye mkubwa wa familia sasa, aliambiwa kwa simu kwa muda wa saa nzima. Maneno yana miguu, na yalipofika mwisho wa mtaa hayakuwa tena ya kubadilisha namba. Yalikuwa ya wizi: eti Kitinda anabadilisha lebo ili saa nzuri zipotelee kwake.

Kitinda hakulia. Alisimama, akakung'uta mto wa stuli, akaweka ufunguo wa duka juu ya kitambaa cheupe cha meza.

"Alisema, 'Dada, mimi lebo nilizisoma.' Basi. Akaenda zake."

Wiki ya kwanza bila Kitinda, Bi Sekunde aliandika lebo mwenyewe, na alijiona mshindi. Wiki ya pili saa mbili zilikwenda kwa watu wasio wake. Akasema ni lebo za zamani, Kitinda kaziacha zimevurugika makusudi. Wiki ya tatu akaanza kumshuku kinyozi, maana ukuta wao ni mmoja.

Aliyemfungua macho ni mkunga.

Mkunga huyo ana saa ya kubandika kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili aweze kuhesabu mapigo ya moyo bila kuivua. Alikuja kuichukua mchana mweupe, akatoa risiti yake. Bi Sekunde akaisoma, akafungua droo, akamkabidhi saa ya kiume ya chuma, nene, ya kupigia mbizi.

"Bi Sekunde," mkunga akasema, "mimi na hili lisaa wapi na wapi?"

"Risiti yako imesema sitini na nane. Hiyo ni sitini na nane."

"Yangu ni sitini na tatu."

"Sitini na nane, mama! Nimeandika kwa mkono wangu!"

"Hebu weka hiyo lenzi yako usome."

Hapo Bi Sekunde alikataa katakata. Baba yao alikuwa na amri moja isiyovunjwa: lenzi ni ya mashine, haishikishwi karatasi, kwa sababu vumbi la karatasi na wino huchafua kioo, na kioo kichafu huharibu saa. Tangu siku alipokabidhiwa lenzi ile, alikuwa hajawahi kusoma nayo hata neno moja.

"Marehemu baba yako hatatoka alikolala kuja kukukaripia," mkunga akamwambia. "Soma."

Akaweka lenzi jichoni. Akaisogeza risiti.

Sitini na tatu. Mwandiko wake mwenyewe, wino wake mwenyewe. Tatu yenye tumbo wazi, wala haikufanana na nane hata kidogo.

"Nikaisoma mara tatu," anasema. "Sikuwaza saa ya mkunga. Niliwaza kijitabu."

Mkunga alipata saa yake, akaiangalia kwa miwani iliyokuwa inaning'inia shingoni kwa kamba, akaenda. Bi Sekunde akafunga kidirisha. Lebo zilizotumika huwa hazitupwi. Hukaa mwaka mzima kwenye mkebe wa maziwa, mteja asije akadai dhamana. Aliumwaga mkebe mezani, akachukua kile kijitabu cha ushahidi, akatafuta zile kumi na moja. Akazisoma moja moja kwa lenzi.

Ya kwanza, Kitinda alikuwa sahihi. Ya pili, sahihi. Alizimaliza zote. Kumi na moja kwa kumi na moja, daftari lilikuwa sawa na lebo. Kilichokosea ni kijitabu.

"Nililia mpaka kinyozi akagonga ukuta," anasema. "Nikamwambia, niache, kinyozi, na wewe pia nilikushuku."

Mtu mwingine angekwenda kliniki kesho yake akapimwa akaondoka. Bi Sekunde alikwenda kliniki mbili, siku moja, za pande mbili tofauti za mji, na hakuiambia ya pili kwamba ametoka ya kwanza.

"Yule wa kwanza alikuwa na sauti ya upole mno. Sauti kama ile ni ya mtu anayeuza kitu."

Mpima macho mwenye sauti hiyo anamkumbuka vizuri. Anasema mgonjwa wake alisoma kibao cha mbali mpaka mstari wa mwisho, akamgeukia na kumuuliza, "Unaona? Sina tatizo. Nani anakulipa?" Kisha akapewa kadi ya kusoma karibu. Akaisogeza mbele, akaisogeza nyuma, akanyoosha mkono mpaka mwisho, akasema kadi imechapwa vibaya.

"Wengi wanasema hivyo," anaeleza mpima macho. "Ndani ya jicho kuna lenzi laini. Ukitazama kitu cha karibu inabadili umbo ili ukione. Tukifika miaka arobaini hivi inaanza kuwa ngumu, haipindi tena kama zamani. Si ugonjwa wala si adhabu. Inampata kila mtu, tajiri kwa maskini, anayejua kusoma na asiyejua."

Kilichomponza fundi saa, anasema, ni kifaa chake cha kazi. Lenzi ya kukuzia ilikuwa inafanya ile kazi ambayo jicho limeshindwa, kwa hiyo mbele ya mashine alikuwa hodari kama zamani. Alipoivua ili asome lebo ndipo jicho lilipobaki peke yake. "Mshona nguo angegundua mapema, uzi ungemkataa kwenye sindano. Huyu kazini hakuwa na kitu cha kumwambia."

Anataka wasomaji wajue mengine machache. Miwani ya kusomea hailegezi macho. Lenzi itaendelea kuwa ngumu, uivae au usiivae, ndiyo maana nguvu ya miwani hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mwanga wa kutosha ukitokea pembeni, ukaangukia kazi na si uso, husaidia sana. Miwani iliyopangwa juu ya meza barabarani inaweza kumfaa mtu, lakini haimwambii kama macho yake mawili yanalingana, wala haipimi presheni ya jicho, ambayo huharibu kimyakimya. Ukishafika arobaini, pima. Na jicho likiuma, au likififia ghafla, hilo si la umri. Nenda siku hiyohiyo.

Kliniki ya pili ilimwandikia namba ileile ya miwani, mbili kasoro robo, macho yote mawili. Bi Sekunde aliweka vyeti viwili juu ya meza, kimoja kando ya kingine, akavitazama kwa muda mrefu.

"Nikasema hawa wamepigiana simu," anasema, na safari hii anacheka kwelikweli.

Miwani aliyonunua ilimgharimu bei ya betri tatu za saa. Alipoivaa akatoka nayo nje, barabara nzima ikaingia ukungu, akarudi mbio kuwaambia wamemtapeli. Wakamweleza kwamba ni ya karibu tu: mezani vaa, barabarani vua. Sasa inaning'inia kifuani kwa uzi mweupe, uzi uleule wa kufungia lebo.

Jambo moja limembana tangu hapo. Mpima macho alimuuliza kama baba yake naye alivaa miwani. Bi Sekunde akajibu kwa fahari kwamba baba hakuvaa mpaka anaingia kaburini. Akiwa njiani kurudi ndipo akakumbuka. Alipokuwa binti wa miaka kumi na minane, baba alianza kumwita kila asubuhi amsomee lebo kwa sauti. Alisema anamfundisha namba za kazi.

"Namba! Mimi nilikuwa nimeshamaliza shule." Anashika miwani yake kifuani. "Mzee alikuwa haoni. Miaka yote ile mimi ndiye nilikuwa macho yake, na hakusema. Angesema, mimi ningejua. Kitinda angekuwa pale." Anaelekeza kidevu kwenye stuli.

Kitinda sasa anafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala, mitaa minne kutoka hapo. Ana miaka thelathini na nane, anaongea taratibu, na mashine nyuma yake haipumziki. Anathibitisha kwamba dada yake alikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alimkuta jikoni, akapiga magoti, akamwaga lebo kumi na moja sakafuni.

"Nilimwinua. Ni dada yangu, amenilea," anasema. "Lakini nilimwambia ukweli. Dada, uliponipaka matope ulisimama dirishani, watu wote wakasikia. Kuniomba radhi umekuja jikoni, tuko wawili. Na wale waliosikia? Juzi mama mmoja hapa dukani kaificha pochi yake aliponiona. Mimi! Nimeshika saa za dhahabu za watu miaka kumi na sita."

Anapanga karatasi, anazigonga mezani zikae sawa.

"Nikamwambia, heshima aliyonivunjia hadharani anirudishie hadharani. Akifanya hivyo nitarudi. Asipofanya, tutasalimiana kwenye sikukuu kama watu wengine."

Ataamini habari hii ikitoka? "Nitaisoma kwanza," anasema. "Dada yangu namjua. Anaweza kuomba radhi halafu katikati akatia kwamba mwandiko wangu ulichangia."

Bi Sekunde hakutia hivyo. Kwa miguu yake amewafuata wateja aliowaambia baadaye, na kinyozi, na shangazi. Kwa kila mmoja amefungua kijitabu, ametoa lebo, ametoa lenzi, amewaambia watazame wenyewe. Shangazi alitazama, akasema haoni kitu, akapelekwa kliniki wiki hiyohiyo. Lakini wale wateja watatu waliokuwa dirishani siku ile hajawapata. Mmoja amehama, wawili haijulikani wanakoishi. Ndiyo sababu alipiga simu gazetini.

Sasa saa zake zote zinasema saa tano na dakika tano. Anaomba kuona daftari la mwandishi. Anavaa miwani, anapitisha kidole mstari kwa mstari, anasimama.

"Hapa umeandika lebo kumi na saba."

Ni kumi na moja, anaelezwa.

Anaweka lenzi. "Ni kumi na moja," anakubali. "Lakini hii moja yako ina kofia, inajifanya saba. Iandike upya." Mwandishi anaiandika upya.

Mpango wake ni huu. Gazeti likitoka atanunua nakala mbili. Moja ataibandika kwenye kioo cha kidirisha, mteja asiweze kupitisha saa bila kuisoma. Ya pili atampelekea Kitinda palepale kwenye duka la nakala, mbele ya wateja wake, pamoja na ufunguo. Ufunguo wenyewe uko tayari kwenye droo, umefungwa lebo kwa uzi mweupe. Juu ya lebo hakuna namba, kuna jina tu. Anaitoa, anaisoma kwa miwani, kisha kwa lenzi, kisha anairudisha.

"Na lebo ataandika yeye?"

"Ataandika yeye. Mimi nitasoma." Anamkazia mwandishi macho. "Sasa andika haya ninayokwambia, usiongeze, usipunguze. Na muwaambie hao wachapaji wenu wayaweke kwa herufi kubwa. Wale watatu walikuwa watu wa rika langu."

MDOGO WANGU HAKUKOSEA HATA LEBO MOJA. MIMI NDIYE NILIYEKUWA SIONI.